Gita Lisilovuka Mlango

Muuzaji alimpa yeye. Hilo ndilo lililonikasirisha kwanza siku ile, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikwenda dukani kutafuta ugomvi. Nilikwenda nimependeza, nimekata kucha za mkono wa kushoto na kuacha za mkono wa kulia kama mpiga gita yeyote, nimeshikana mkono na mchumba wangu. Tulipoingia nilisema kwa kinywa changu mwenyewe kwamba natafuta gita la kawaida, lisilo la umeme, na kwamba ningependa kujaribu kadhaa nisikie sauti zake. Yule dada mwenye duka, mwanamke mwenzangu kabisa, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, akashusha gita la kwanza kutoka ukutani, akalifuta vumbi kwa kiganja, kisha akanipita na kumkabidhi mchumba wangu, Mpimaji.

"Jaribu hili, shemeji," akamwambia. "Halichoshi vidole."

Mpimaji hajui kupiga gita. Anajua kupima viwanja, na anajua vizuri. Nyumbani kwetu wote walimwita hivyo, hata bibi, kwa sababu siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha alitupia jicho uzio wetu na kusema umeingia kwa jirani nusu mita. Baba alinuna. Kesho yake akaenda kupima kimya kimya, akakuta kweli. Basi mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa gita, akalishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga aliyelowa, nami nikasubiri aseme, "Si mimi, ni huyu." Hakusema. Alikwangua nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja, akatikisa kichwa kama mjuzi, na dada mwenye duka akatikisa chake kumuunga mkono. Ikabidi nilitoe mwenyewe mikononi mwake.

"Anayepiga ni mimi," nikasema. "Mwaka wa kumi na nne huu."

Dada aliomba radhi, ingawa aliomba akimtazama Mpimaji. Nikajikaza, nikavuta kiti.

Gita langu la zamani lilikuwa limekufa mwezi uliotangulia. Daraja lake, kile kibao kinachoshikilia nyuzi tumboni, lilibanduka na kipande cha mbao mbele ya watoto thelathini wa darasa langu la chekechea, katikati ya wimbo wa kuhesabu vidole. Watoto walidhani ni sehemu ya wimbo, wakashangilia. Fundi alilitazama mara moja akaniambia nisipoteze muda wangu wala wake. Nilikuwa nalo tangu chuoni. Lilinifundishia watoto asubuhi, na Jumapili alasiri lilinikalisha kwenye bustani ya mgahawa mmoja ambako watu walikuwa wameanza kuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya chai. Kwa hiyo mwezi mzima nilikuwa nazunguka na vidole vinavyowasha, napiga meza, napiga magoti yangu, napiga usukani wa gari la watu.

Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki sita. Kadi zilikuwa zimeshachapwa. Nilipomwambia Mpimaji kwamba naenda kununua gita, aliahirisha kazi ya siku nzima ili anisindikize. Alisema gita hilo tulichague pamoja, kwa kuwa litakaa nyumbani kwetu. Neno "kwetu" lilinilainisha mpaka mifupani. Nilimsimulia kila mtu kazini kwamba mchumba wangu anakwenda kunisaidia kusikiliza magita, na wenzangu wakaniambia nimepata mume.

Kulinganisha magita kuna adabu yake. Kwanza unayakaza yote yalingane sauti, maana gita lililolegea linahukumiwa bila kujitetea. Unapiga kipande kimoja, kile kile, kwa vidole vile vile na kwa nguvu ile ile, la sivyo utakuwa unalinganisha hamaki zako. Halafu unamwomba mtu mwingine asimame mbali kidogo na kukupa mgongo, asichague kwa macho. Anayepiga hulisikia gita lake kwa kifua. Ile sauti inayowafikia watu humpita mbele ikaenda zake, na yeye hawezi kujua imefika wapi. Haya yote nilimweleza Mpimaji tukiwa njiani, na alinisikiliza kwa makini kuliko siku zote.

La kwanza lilikuwa na uso wa mbao nyeupe. Juu lilikuwa angavu, kila uzi unasikika peke yake, lakini chini palikuwa patupu, na uzi mnene ulitoa mlio wa ndoo. Mpimaji alisimama karibu na kabati la filimbi, kisha akarudi nyuma hadi mlangoni, kisha akatoka nje kabisa na kuufunga mlango. Aliporudi alitoa kile kijidaftari chake cha kazini na kuandika.

"Linavuka mlango," akasema, na kunyanyua mabega.

La pili lilikuwa jeusi, limepakwa rangi nzito inayong'aa hadi nikajiona pua. Sauti yake ilitoka vizuri, ikafika mahali, ikakatika ghafla, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mpimaji alitoka tena, akahesabu hatua, akarudi na kuandika kwamba hili nalo linavuka mlango, linafika hadi kwa muuza viatu. Nilimtazama kupitia kioo akiwa amenipa mgongo huko nje, jua linamchoma shingo, kichwa kimeinama upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Moyo wangu ulijaa. Mwanaume gani mwingine angesimama juani akipima kwa hatua sauti ya gita la mchumba wake? Nilitamani mama yangu angekuwepo amwone. Mapenzi yana uziwi wake, na wangu siku ile ulikuwa wa masikio yote mawili.

La tatu lilikuwa dogo, tumbo jembamba, mbao nyekundu ya mkangazi kuanzia uso hadi mgongo. Lilinong'ona vizuri. Nililipenda kama unavyompenda mtu mpole, lakini nilipoongeza nguvu ya vidole halikuongeza kitu. Lilibaki pale pale, linanitazama. Nikajua kwamba bustanini, watu wakianza kuvuta viti na kugonganisha vikombe, hili litamezwa.

Mpimaji akarudi anatabasamu. "Hatua kumi na mbili tu, likapotea," akasema. "Mlango ukifungwa halisikiki kabisa. Hili ni zuri sana, mpenzi."

Nilimuuliza anamaanisha nini kusema ni zuri. Akasema lina heshima. Nikacheka, nikadhani ni mzaha wa wapima ardhi, nikamwambia dada mwenye duka anipe lile la mwisho pale juu.

Lile la nne lilikuwa kubwa na lilikuwa limeshapigwa na mtu mwingine kabla yangu. Lilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, na mahali pa kuegemeza mkono rangi ilikuwa imeliwa na jasho. Nyuzi zake zilikuwa zimechakaa hadi zimeota weusi. Nikamwambia dada si haki kulinganisha gita lenye nyuzi mpya na gita lenye nyuzi zilizochoka, anibadilishie. Kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, akavaa miwani yake, akasema kweli mimi najua. Akachukua koleo dogo, tukaanza kuzikata. Mpimaji alikuwa ameshatoka. Nilimwona akivuka barabara hadi upande wa pili, akasimama kuukabili ukuta wa ghala, mikono nyuma, ametupa mgongo. Sikumwita. Nikajisemea atasubiri kidogo, kubadilisha nyuzi sita si kazi ya kupepesa jicho, na tulikuwa ndiyo kwanza tumefunga uzi wa kwanza.

Alirudi anakaribia kukimbia. Uso ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Hili," akasema, akilielekezea kidole gita lililolala mapajani mwangu. "Hili ndilo. Nimekwenda hadi upande wa pili, sijasikia kitu. Nikarudi hadi kwenye ngazi, sijasikia kitu. Nikausukuma mlango kidogo, nao ukawa wazi, bado kimya. Hatua ishirini na nane na hakuna kitu. Tuchukue hili, mpenzi, tusihangaike tena."

Dada mwenye duka aliacha kufanya alichokuwa akifanya. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Sijalipiga," nikasema.

"Umesemaje?"

"Sijalipiga bado. Halina nyuzi."

Akalitazama. Uzi mmoja ulikuwa umefungwa, wa pili umeshikwa nusu, na zile sita za zamani zimejikunja juu ya kaunta. Macho yakamtoka pima. Akakitazama kijidaftari chake kana kwamba ndicho kilichokosea.

Sikupata hasira mara ile ile. Kwanza nilihisi baridi, kisha mambo yakaanza kujipanga moja baada ya jingine: kunyanyua mabega kwa la kwanza, muuza viatu, heshima ya lile dogo. Mtu huyu hakuwa anatafuta gita linalosikika. Alikuwa anatafuta lisilosikika, na alipolikosa kati ya yote yaliyopigwa, akalichagua lisilopigwa.

"Ulikuwa unanitafutia gita bubu," nikasema.

Akaniomba nipunguze sauti. Akasogea karibu, akainama, akaniambia kwa upole ule ule uliokuwa ukinilewesha siku nyingine kwamba nisimwelewe vibaya, ni kwa ajili ya mama. Mama atakuwa anakuja kukaa nasi mara kwa mara. Mama ana presha. Mama hapendi kelele, nami nalijua hilo.

Nililijua, ndiyo. Nililijua kwa miezi minane. Tangu mara ya kwanza aliponipeleka kwao, Mpimaji aliniomba niliache gita nyumbani kwa ajili ya presha ya mama. Mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na siku ya kuzaliwa ya mdogo wake ambapo kila mtu aliimba na mimi nikapiga makofi kama mgeni. Nilikuwa nimemwekea mama wa watu kinyongo kikubwa. Kila alipoongeza chakula kwenye sahani yangu nilijiambia ananivika kilemba cha ukoka, maana mikono inayokula anaitaka, inayopiga haitaki. Nilishawahi kumweleza dada yangu kwamba kizingiti cha ndoa yangu ni mama mkwe, na dada yangu akanipa pole na mbinu.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Nani?"

"Mama. Mpigie sasa hivi, weka spika. Kama ni yeye atakayesumbuka, nimuulize mwenyewe kabla sijanunua. Ni adabu tu."

Akasema mama atakuwa amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi. Akasema simu yake haina chaji, nayo ikawaka mkononi mwake. Mwishoni nilitoa yangu, nikalitafuta jina, nikabonyeza, nikaiweka juu ya kaunta kati ya zile nyuzi zilizokatwa. Pembeni, bwana mmoja aliyekuja kutafuta ngozi ya ngoma aliacha kugonga ngozi.

"Mwanangu," mama akaitika, sauti yake kubwa kuliko simu yenyewe. "Mmepata? Huyu aliniambia mnakwenda kununua gita leo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Lina sauti nzuri?"

"Mama, hilo ndilo nililokupigia. Nimeambiwa presha yako inapanda ukisikia gita, ndiyo maana huwa siji nalo. Sasa tunataka kuchagua lisilokusumbua."

Nikasikia kitu kinawekwa mezani, sufuria au kifuniko.

"Presha yangu? Mwanangu, presha yangu hupanda nikiamka nikakuta vyombo vya jana kwenye sinki. Gita limenikosea nini? Kila mkija namuuliza huyu, mbona mwenzako haji na gita lake, tukamsikia. Ananijibu kwamba wewe hupigii watu bure. Nikasema basi, msanii ana masharti yake, nisimlazimishe mtoto wa watu. Nikawa naongeza chakula, nikidhani labda siku moja utatuonea huruma."

Nilishika ukingo wa kaunta. Nilikumbuka zile sahani, kijiko kimoja kinaongezwa, kingine kinaongezwa, na mimi ninavyoshukuru kwa midomo tu. Aibu ilinipanda usoni kama homa. Mama akawa anamwita mwanawe: wewe mtoto, umemwambia nini mwenzako, mbona hunijibu. Mpimaji akanyoosha mkono akaikata simu. Alimkatia mama yake simu, mbele yangu, kwa kidole kimoja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na yeye ambaye kazi yake ni kupima njia alipaswa kuwa wa kwanza kujua. Alikuwa amesimama kati yetu miezi minane, kwangu anamsingizia mama yake maradhi, kwa mama yake ananisingizia majivuno, na sisi wanawake wawili tunakaa meza moja, kila mmoja anajikaza kumvumilia mwenzake kwa kosa asilolitenda.

"Tutoke," akasema. "Tukaongelee kwenye gari."

"Tutaongelea hapa. Nani hataki nisikike?"

"Kuna watu hapa."

"Nawaona. Nani hataki nisikike?"

Alijiumauma. Alikaa kwenye kile kiti cha wajaribu magita, akazungusha kijidaftari chake mara mbili tatu, kisha akaanza kueleza, kwa sauti ndogo mno hata ikabidi niiname, na kuinama kwenyewe kukaniongezea hasira. Alisema ilianza siku ya kumuaga bosi wao. Kweli, nilipiga siku hiyo. Bosi mwenyewe ndiye aliyeniomba, na watu waliacha sahani zao wakasogea. Mpimaji alikuwa amesimama nyuma ameshika koti langu. Bosi akamshika bega akawaambia wageni, mnamwona huyu, huyu ndiye mume wa mpiga gita. Wakacheka. Kesho yake ofisini wakaendelea. Mafundi wakaidaka, vijana wa kubeba vyuma wakaidaka, akienda kupima kiwanja mtu anampigia kelele kutoka ng'ambo, mume wa mpiga gita, uzi wako umelegea. Alisema miaka tisa alijulikana kwa kazi yake, na kwa usiku mmoja akawa mtu wa kushika koti. Aliogopa jina hilo lisimfuate hadi kwa mama yake. Alisema hakutaka niache kupiga. Alitaka tu nipigie ndani.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Sitasema kwamba sikumwonea huruma. Najua dhihaka za kazini zinavyomla mtu, na kama angenijia usiku ule ule akaniambia wamenicheka na imeniuma, ningemkumbatia, ningewatungia wale vijana wa vyuma wimbo wa kuwanyamazisha.

"Mimi ulinipata wapi?" nikamuuliza.

Akakitia kijidaftari chake mfukoni.

"Ulinipata wapi? Sema. Ulikuja kupima kiwanja cha shule yetu. Ulisimamisha mashine yako ya miguu mitatu chini ya dirisha la darasa langu, na watoto wakaniambia, mwalimu, kuna mtu hapo nje haandiki kitu. Ulipima kiwanja kile mara tatu. Mwalimu mkuu akauliza kama kinakua. Hukuwa umeniona hata uso, kwa maana pazia lilikuwa limeshushwa. Ulinisikia. Leo unapima hatua ngapi ukae mbali nami ndipo usinisikie?"

Uso wake ulivunjika, na nikaona kwamba ananipenda. Ndiyo, ananipenda, na mimi nilimpenda, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu usiyempenda akikunyamazisha unamfungia mlango na kwenda kulala. Huyu nilikuwa nimeshamtengea upande wa kitanda.

Nilimgeukia dada mwenye duka nikamwomba tumalizie. Akafunga nyuzi nne zilizobaki haraka, bila kuinua macho, na nilipokuwa nakaza nilimsikia akisema peke yake, taratibu, kwamba yeye naye alimpa yule shemeji gita. Nikamwambia hayo yamekwisha.

Kisha nikalipiga. Kipande kile kile nilichokipiga kwa yale matatu, ila sitadai kwamba nilikipiga kwa nguvu ile ile. Adabu ya kulinganisha niliivunja na sikujali. Gita lile lilipokea kila nilichokuwa nacho na halikulalamika. Uzi mnene uliguna hadi miguuni kwangu. Uzi mwembamba ulikata hewa bila kupiga ukelele. Nilipoongeza, likaongeza, nilipoachia, sauti ilikaa hewani ikamalizika yenyewe kwa wakati wake. Filimbi zikatetemeka kabatini. Mlango ulikuwa bado wazi tangu Mpimaji alipousukuma, na sauti ikatoka, ikashuka ngazi. Muuza viatu akaja kusimama kizingitini na kiatu kimoja mkononi. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na mifuko wakaiweka chini. Bwana wa ngoma alikuwa anagonga kaunta kwa vidole, anafuata, na anafuata vizuri.

Nilipomaliza walipiga makofi kidogo, kwa haya, kama watu waliochungulia nyumba ya watu. Hasira ilikuwa imenipungua, si yote, ila ya kutosha kuona mbele. Nilimwangalia Mpimaji pale kitini, magoti yamebanana, na nikajua kwamba bado nataka kuolewa naye. Nalisema hili bila kujisifu. Kadi zilikuwa zimechapwa, mama yake alikuwa amegeuka mama yangu ndani ya dakika tano, na mtu aliyepima kiwanja kimoja mara tatu hapatikani kila siku. Nilikuwa tayari kusamehe miezi minane kwa sentensi moja.

"Nitakuomba kitu kimoja," nikamwambia. "Nami nikikipata, tutatoka hapa pamoja na hili jambo sitalirudia, wala kwa mama sitalirudia. Sema tu ulidanganya, na kwamba unataka mke wako asikike. Kwa sauti unayoitumia kazini ukimwita mtu wa ng'ambo ya kiwanja. Wale walioko mlangoni wakusikie."

Akasimama. Akajiweka shati sawa. Nilimwona akikusanya nguvu, na roho yangu yote ikamsogelea kumsaidia, kama unavyomsaidia mtoto wa darasa la kwanza aliyesahau shairi. Akawatazama wale watu pale kizingitini, muuza viatu na wanawake wawili. Akatabasamu kwa adabu, akawaomba samahani, akaenda akaufunga mlango.

Halafu akarudi, akanishika mikono yote miwili, akasema kwamba alidanganya. Akasema alimkosea mama na alinikosea mimi, na kwamba anataka mke wake asikike, leo na siku zote. Alisema yote niliyomtaka aseme, hakuacha neno, na machozi yalikuwa yanamlenga kweli.

Nilitoa mikono yangu taratibu. Nilimlipa dada mwenye duka, naye akanitilia gita kwenye mfuko wake na kunikabidhi mimi.

"Nimesema," Mpimaji akasema nyuma yangu. "Si umenisikia? Nimesema yote."

"Umesema," nikamkubalia. "Lakini ulifunga mlango kwanza. Kadi nitazirudisha mimi, wewe kamwombe mama yako radhi."

Nikavaa gita mgongoni, nikaufungua ule mlango, nikawapita wale wanawake wawili waliokuwa bado wamesimama pale wakisubiri kama nitapiga tena.